Kupima Magari Mawili

Mwenye yadi aliniachia magari mawili ya mbio nijaribu: jekundu, na jingine jeusi hadi vioo. Mimi, tajiri nisiyejua gari ila rangi, nikamwamuru jirani yangu Kitwana anisaidie kuchagua, bure.

"Gari la mbio hupimwa likienda polepole, bosi," akasema. "Jumamosi tangulia na jekundu, washa taa, piga honi usikome. Mimi nitakufuata na jeusi, nikisikiliza injini."

Tukauzunguka mji. Akina mama walipiga vigelegele. Nikawapungia mkono kama mbunge.

Kwenye ukumbi alikoniambia nisimame, Kitwana alishuka amevaa suti, akamfungulia mlango bibi harusi wake.

"Sasa lipi bora?" nikamuuliza kinyonge.

"Yote mazuri, bosi. Karibu pilau. Kwetu dereva haachwi nje."