Kiboko na Njia Isiyo Yake

Hapo zamani za kale, watoto, wanyama walipokuwa na chuo chao chini ya jabali, hakukuwa na darasa lililoogopwa kama la Mwalimu Nungunungu. Alifundisha kalkulasi, yaani hesabu za vitu visivyotulia: maji yanajaa kwa kasi gani, njia inapanda kwa ukali gani pale pale unapokanyaga. Alifundisha huku miiba yake ikilia chaka-chaka-chaka, na hata Kiboko, mwenye mwili kama nyumba, alifunga mdomo miiba ile ikilia.

Katika darasa hilo alikuwamo Mama Pimbi, mdogo kuliko kichwa cha Nyati, mwenye watoto wachanga nyumbani. Alikuwa anarudia. Mara ya kwanza alifeli kwa sababu watoto waliugua siku ya mtihani na yeye hakutoa taarifa. Chuo hakikuwa na nafasi ya tatu. Akifaulu, atapewa kazi ya kulinda bwawa, na watoto wa mlinzi wa bwawa hawalali na kiu kiangazi. Akifeli, basi tena.

Siku ya kwanza Mwalimu hakufundisha hesabu. Alisoma kanuni.

"Kigogota, ndege wetu wa kengele, akigonga mti, mlango umefungwa. Usiniletee hadithi za miguu mifupi. Ukiugua, tuma taarifa kabla ya mtihani, si baada. Jibu tupu, bila kuonyesha ulivyolipata, ni sifuri. Kujadiliana ruksa. Kuelezana ruksa, tena nawasihi mwelezane. Lakini jani uliloandikia kazi yako usimpe mtu. Aliyetoa na aliyepokea, wote sifuri."

"Kwa nini na aliyetoa, Mwalimu?" Mama Pimbi akauliza.

"Bila mtoaji kuna mpokeaji? Swali lingine!"

Kiboko na rafiki yake Fisi hawakuwapo. "Siku ya kwanza hufundishwi kitu," Kiboko alisema, akigaragara matopeni. "Maneno, maneno tu."

"Hi-hi-hii!" Fisi akacheka. "Wacha wakapige miayo."

Ikaja siku ya kazi kubwa, ile yenye uzito wa mtihani. Mwalimu akatangaza: "Kila mtu apime njia ya kutoka hapa mpaka mlangoni kwake. Achore inavyopanda au inavyoshuka. Kisha atafute mwinuko wake pale mlangoni. Si wa njia nzima, wa pale mlangoni. Nataka majani kesho, kabla Kigogota hajagonga."

Wakati huo Kiboko alikuwa amelala macho wazi. Fisi alikuwa amenusa mifupa, anachomoka kwa mlango wa nyuma. Walichosikia ni maneno mawili tu: majani, kesho.

Asubuhi Mama Pimbi akawanyonyesha wanawe, akawasukuma ndani kabisa ya ufa wa mwamba walimoishi, akachukua jani lake akashuka mbio. Jua lilikuwa limeshapanda. Alipofika bondeni, penye kipito chembamba katikati ya miiba, alikuta njia imezibwa na kitu cheusi, kinene, chenye kupumua.

"Mama Pimbi! Habari za asubuhi?" Kiboko alisema bila kuinuka. "Mbona mbio?"

"Nzuri, kaka. Nipishe, Kigogota yu karibu kugonga."

"Nitakupisha. Lete jani."

Mama Pimbi akageuka arudi. Nyuma yake alikuwa amesimama Fisi, ulimi nje.

"Nimepita chini ya mwamba wenu alfajiri," Fisi alisema polepole. "Nikasikia vitoto vinalia. Sauti laini! Nikajiuliza, mama yao hurudi saa ngapi?"

Mama Pimbi akapiga hesabu. Akitoa jani, sifuri. Asipotoa, watoto. Akikaa hapo akibishana, mlango unafungwa, na hiyo pia ni sifuri. Huko mbali alimwona Kigogota ametua juu ya mti wake, ananoa mdomo.

"Kwani ninyi hamkupima?" akauliza.

"Tupime nini?" Kiboko akafoka. "Hesabu ni hesabu. Jibu lako ndilo jibu letu. Lete!"

Mama Pimbi akaelewa. Kumbe! Hawa hawakulisikia hata swali.

"Kaka zangu," akasema, "jani nikiwapa mtanaswa. Mwalimu anaujua mwandiko wangu. Nitawaeleza nilivyofanya, mwandike kwa mikono yenu."

"Utatutajia uongo," Fisi akasema.

"Nikidanganya, si unajua watoto wangu walipo?"

Fisi akalamba midomo. "Hilo nalo neno."

"Ila nawaambia mapema, hii ni njia ya kwangu. Mimi nimepima ya kwang..."

"Hatutaki historia!" Kiboko akapiga mguu chini, pu! Mavumbi yakamfunika Mama Pimbi mpaka masikioni. "Taja!"

Mama Pimbi akachora mavumbini kwa kidole. Njia inaanza tambarare. Inainuka kidogo. Inazidi kuinuka. Mwishoni imesimama wima. Akaeleza hatua kwa hatua jinsi alivyopata mwinuko wa mlangoni, bila kuruka kitu, bila kuongeza kitu.

"Mbona mwishoni ni kama ukuta?" Kiboko akauliza, akikwaruza vibaya kwa ukucha jani la mgomba alilokuja nalo.

"Ndivyo ilivyo, kaka. Mlangoni ni kama ukuta."

"Hesabu za siku hizi ngumu! Taratibu, taratibu, sijamaliza."

"Andika, kaka, andika. Kigogota huyo amekwisha inua kichwa."

Fisi alimaliza. Kiboko alikuwa bado anachora, ulimi umemtoka pembeni. Mama Pimbi alitazama mti, akatazama jani la Kiboko, akatazama mti. Mara Kiboko akainuka, na wote watatu wakatimua mbio, puu-puu-puu, Mama Pimbi akipita chini ya tumbo la Kiboko ili asikanyagwe.

Ko! Ko! Ko!

Mlango ukafungwa nyuma ya visogo vyao.

Mwalimu Nungunungu akakusanya majani, akachomoa mwiba mmoja mgongoni wa kusahihishia, akaanza kusoma. Alisoma la Nyati, akatikisa kichwa. Alisoma la Mama Pimbi. Alisoma la Fisi, akarudi kwenye la Mama Pimbi. Aliposhika la Kiboko, miiba yote ikasimama. Chaka-chaka-chaka!



"Kiboko, simama. Unaishi wapi?"

"Mtoni, Mwalimu."

"Ukienda kwako unapanda au unashuka?"

"Nashuka, Mwalimu! Tena nateleza tu, tubwi! mpaka majini."

Darasa likaanza kunong'ona. Mwalimu akainua jani. "Hapa umeniandikia kwamba mlangoni kwako ni ukuta. Unapanda ukuta kuingia majini?"

Kiboko akamtazama Fisi. Fisi akatazama dari, kisha akaruka: "Mwalimu, tumehama! Siku hizi tunakaa juu, mimi na yeye, nyumba moja!"

"Hongereni. Twendeni mkatukaribishe."

Loo! Hilo Mama Pimbi hakulitegemea. Darasa zima likatoka, Fisi mbele na jani mkononi, akifuata mchoro, na mchoro ulikuwa sahihi kabisa. Ukawapeleka tambarare, ukawapandisha, ukazidi kuwapandisha, moja kwa moja kwa watoto wa Mama Pimbi. Alijipenyeza miguuni mwa Nyati ili awahi, lakini njia ilikuwa nyembamba na Fisi alikuwa mbele.

Kiboko alipanda kidogo, akahema, akapanda kidogo, akateleza. Porororo! Akaporomoka mpaka chini akakaa hapo, miguu juu.

Fisi akafika kwenye ufa.

"Hapo ndipo jani lako linapoishia," Mwalimu akasema. "Ingia kwako, Bwana Fisi."

Fisi akacheka kicheko kikavu, akasukuma kichwa. Kikaingia mpaka masikioni, kikakwama. Ndani, gizani, kulikuwa na vitoto vya pimbi, na vitoto vya pimbi meno wanayo.

Kacha!

"Uwiii! Pua yangu! Nitoeni!"

"Nitakutoa. Kwanza niambie, njia hii ni ya nani?"

"Ya Mama Pimbi! Uwiii!"

Mwalimu akageuka. Wanyama wote wakageuka. "Mama Pimbi," akasema kwa sauti ya chini, "kanuni unaijua. Ulimpa jani?"

"Sikutoa jani, Mwalimu. Walinizibia njia wakanitishia watoto, nikawaeleza nilivyofanya."

"Kila mtu anaweza kusema hivyo. Fisi! Alikupa jani?"

Kacha!

"Hakutupa! Alikataa! Alitueleza tu!"

"Na alikuambia kwamba amepima njia ya kwake?"

"Alisema! Alisema mapema kabisa! Tukamwambia hatutaki historia!"

Nyati alicheka mpaka akakaa chini. Mwalimu Nungunungu hakucheka. Alimshika Fisi mkia, akamvuta, fyatu! akamwandikia sifuri papo hapo, akashuka akamwandikia na Kiboko pale chini alipolala. Wote wawili wakafukuzwa chuo, na Mwalimu akaahidi kwamba atakayeonekana tena karibu na ufa ule ataondoka na miiba ya kutosha mgongo mzima.

Kisha akapanda tena mpaka kwenye ufa, akafungua jani la Mama Pimbi.

"Hukuandika umepima kwa hatua za nani. Hatua ya pimbi si hatua ya nyati. Nakupunguzia alama."

"Sawa, Mwalimu."

"Umefaulu. Kesho uwahi."

Mama Pimbi akaitikia, akaingia ndani, maana watoto walikuwa na njaa na mmoja alikuwa bado anatafuna manyoya ya Fisi.

Basi shikeni hili, wanangu: anayenakili njia ya mwenzake hufikishwa kwenye mlango usiomtosha.