Miparachichi Miwili ya Ambakisye

Wapendwa, Mzee Ambakisye alipanda miparachichi kumi na miwili siku moja. Udongo mmoja, samadi moja, mvua ile ile. Ilipoanza kuzaa, miwili ilielemewa hadi akaiwekea miti ya kuegemea. Ile kumi ilitoa tunda hapa, tunda pale.

Akafikiri labda ni mwaka mbaya. Mwaka wa pili, vilevile. Wa tatu, vilevile! Mzee wa watu akawa anazunguka shambani akijisemea.

"Mama Tusekile," akamwambia mkewe, "hii miti nimeikosea nini? Nimeinyima kitu?"

"Hujainyima."

"Sasa kwa nini miwili ipewe yote?"

"Baba, mimi sijui. Ila usiiguse."

Ninyi mnajua? Mbona kwenye zizi moja ng'ombe mmoja ndiye mwenye maziwa? Mbona mtaa mzima unaishi kwa duka moja? Mimi nimesoma chuo cha uchungaji miaka minne, na sijui.

Ambakisye alichoka kutojua. Akaikata yote kumi, ili ile miwili ipate mbolea peke yake.

Msimu uliofuata miwili ikatoa maua, shamba likanukia. Kisha maua yakadondoka. Hata tunda moja la kuonja halikushika! Akamwita bwana shamba, akiwa amechanganyikiwa kabisa.

"Mzee, ile mingine iko wapi?"

"Nimekata. Ilikuwa haizai."

Bwana shamba akakaa chini. "Parachichi halijitoshelezi, mzee wangu. Hii miwili ilikuwa inapata chavua kutoka kwa ile. Nyuki walikuwa wanaileta. Sasa wailete kutoka wapi?"

Mama Tusekile alikuwa amesimama pale. Aliingia ndani, na Ambakisye akabaki anaokota maua makavu, asijue anayaokotea nini.

Tunamcheka? Sisi Jumatano tulikaa kikao hapa. Tukasema waumini wa bondeni hawaleti kitu, kanisa lao dogo lifungwe, nguvu zote zije huku juu kwenye mavuno. Wa kwanza kunyoosha mkono nilikuwa mimi, mchungaji wenu.

Ndugu zetu wa bondeni, nawaona pale nyuma. Mmetembea saa mbili kuja kusali nasi. Kwa nini Mungu amegawa hivi, bado sijui. Sisi tunapata nini kutoka kwenu, nalo sijui. Naomba mtusamehe kabla hatujajua.