Kwa Nini Msaidizi Huomba Ruhusa

Ninyi mnaobonyeza "Ndiyo" bila hata kusoma, hebu toeni vidole kwenye kibodi mnisikilize.

Zamani, msaidizi wa akili mnemba aliyekaa ndani ya kihariri, pale tunapoandikia programu, alikuwa na mdomo tu, mikono hana. Ukimuuliza, alikujibu, kazi ukaifanya mwenyewe. Sisi waandika programu, mjuavyo hatutosheki, tukaanza kumtengenezea viendelezi. Kimoja kikampa mkono wa kufungua mafaili, kingine mkono wa kufikia hifadhidata. Akaingia popote bila kubisha hodi, nasi tukashangilia, kazi inakwenda mbio!

Aliyeshangilia zaidi alikuwa Nyamizi, mtunzaji wa programu ya hospitali moja. Siku hizo tulikuwa na desturi: ukitaka wagonjwa wa kubuni wa kujaribia programu, unaandika majina ya ndugu zako. Nyamizi alimwandika mama yake, Bi Kalunde, na kila akiliona jina lile alitabasamu. Mama mwenyewe alikuwa na kadi ya kweli katika programu hiyohiyo, nayo ilisema: asichomwe penisilini.

Asubuhi moja Nyamizi alipachika kiendelezi kipya, wala hakuangalia kinafika wapi. Akaagiza, "Futa wagonjwa wote wa majaribio." Kumbe mkono ule ulifika maghala yote mawili ya data, la majaribio na la kweli! Msaidizi akayachukua yale majina, akayafuta kila alikoyakuta. Nyamizi akamshukuru, akaenda kunywa chai.

Siku ya tatu Bi Kalunde akaletwa na nimonia, hajitambui. Muuguzi akatafuta jina, hakuliona, akamwandikisha kama mgeni na kumchoma sindano ya penisilini. Nyamizi alimkuta mama amevimba uso, pumzi zinakatika.

"Mbona mmemchoma? Si imeandikwa!"

Muuguzi akamgeuzia kompyuta. "Dada yangu, nionyeshe ilipoandikwa."

Bi Kalunde akafa kabla ya adhuhuri. Maji yakimwagika hayazoleki.

Matanga yalipoanuliwa, Nyamizi alirudi kazini akaweka kizuizi: msaidizi asishike chombo chochote mpaka aseme anataka kushika nini, na wapi, na mtu amjibu. Wenzake wakanung'unika kwamba kazi itachelewa.

"Na ichelewe," akasema.

Na tangu siku hiyo, msaidizi huuliza kila anapotaka kunyoosha mkono. Nyamizi yupo bado, yule pale dirishani. Swali likitokea hulisoma kwa sauti, mara mbili, hata liwe la faili tupu, ndipo hujibu.