Mtutu wa Inchi Ishirini na Nane

Wapo watu ambao ukiwapa kazi, kwanza watataka kukijua chombo. Watakipima, watakigeuza, watakitia ila hii na ile, na kazi itakaa ikiwangoja mpaka ioze. Mdogo wa kiume wa mjane mmoja alikuwa mtu wa namna hiyo. Walimwita Shabaha, ingawa hakuna aliyewahi kumwona akipiga kitu.

Katika ukoo mzima, yeye peke yake ndiye aliyekuwa na kibali cha bunduki. Baba yao alipofariki, wazee walimkabidhi bunduki ya marehemu kwa sharti moja: alinde shamba la dada yake. Shamba hilo ndilo lililomlisha mjane na wanawe wanne mwaka mzima. Hakuwa na jingine.

Mahindi yalipoanza kutia punje, nguruwe mwitu wakaingia. Asubuhi ya kwanza walifyeka mistari mitatu. Mjane akajifunga kibwebwe, akaenda moja kwa moja kwa fundi wa bunduki, alikoambiwa mdogo wake anashinda.

Akaikuta bunduki ya baba imebanwa kwenye jiliwa, haina mtutu, kama kuku aliyenyonyolewa. Shabaha alikuwa ameinamia mitutu mipya mezani, kando yake darubini ya kufungia juu ya bunduki.

"Dada, umekuja wakati mzuri! Ule wa baba ni inchi ishirini na mbili tu. Risasi haipati mwendo. Nataka nilale kilimani, ng'ambo ya bonde, nimpige nguruwe kwa hatua mia nne."

"Na ng'ambo ya bonde umefuata nini, na nguruwe wako kwangu?"

"Ndiyo uwindaji wa kisasa huo, Dada."

Fundi akafuta mikono. "Mama, mtutu mrefu huipa risasi kasi, sikatai. Lakini ni mzito, na kichakani hunasa kila tawi. Nilimwambia wa mzee unatosha."

"Basi urudishe!"

"Kesho kutwa tu, Dada," Shabaha akabembeleza.

Kesho kutwa ikazaa wiki. Alifungiwa wa inchi ishirini na nane, akauona mzito. Ukakatwa hadi ishirini na sita. Akasikia kwa mtu kwamba ishirini na nne ndiyo bora, akataka ukatwe tena. "Mtutu hukatwa, hauungwi," fundi akamwonya. Basi akakaa kuwaza. Kule shambani, mjane alipiga debe kila alfajiri mpaka mikono ikafa ganzi. Nguruwe walimzoea. Wakawa wanamtazama huku wakitafuna, kama wageni walioalikwa.

Mjane akarudi kwa fundi.

"Kitendawili!"

"Tega," Shabaha akajibu akicheka.

"Nina mlinzi mwenye macho mawili na darubini, lakini shamba likiliwa halioni."

Kicheko kikamkauka. "Sijui, Dada."

"Nipe mji."

"Chukua mji wowote uupendao."

"Miji nifanyie nini? Nirudishie shamba langu! Nimehesabu hatua kutoka kibandani kwangu mpaka wanapokula: thelathini na mbili! Mtutu wa baba ungetosha na kubaki. Au wanangu watatafuna inchi?"

Fundi akainamisha macho. Shabaha akasema mtutu utafungwa, ila kwanza ung'arishwe.

Siku ya tano baada ya hapo Shabaha alifika, bunduki ikimeremeta kama kioo. Akalala kifudifudi kilimani, jicho kwenye darubini, tangu alfajiri mpaka jua likamchoma kisogo. Hakikutikisika kitu. Nguruwe walikuwa wamekula, wakashiba, wakaenda zao. Ng'ambo ya bonde yalibaki mabua yaliyolala.

Mjane hakulia. Alipanda kilima na majembe mawili begani.

"Inuka! Mvua bado ipo. Tunang'oa mabua, tunapanda maharage leo hii. Na mpaka yaive, wanangu wote wanne wanakula kwako."

Shabaha akainuka. Akateremka, akaiegemeza bunduki kibandani, akapokea jembe. Akalinyanyua. Akaligeuza. Akafumba jicho moja, akautazama mpini toka mwanzo hadi mwisho.

"Dada," akauliza kwa upole, "hakuna lenye mpini mrefu kidogo?"

Mjane alikuwa ameshainama, mstari wa kwanza umeshafika katikati. Akasema bila kugeuza shingo:

"Mchagua jembe si mkulima."