Bi Chausiku Ampeleka Mkwewe Kupimwa

Isome mpaka mwisho, kisha mtumie mwanamke unayetaka azeeke na wewe.

Bi Chausiku wa Muheza alikuwa na wasiwasi mmoja: Mwanaheri, mke wa mwanawe, alikuwa mwembamba mno. "Huyu anaumwa, ila anaficha," alisema. Asubuhi moja akamkokota hadi kituo cha afya.

Nesi akamuuliza Mwanaheri, "Unapata maumivu ya kichwa?"

"Hapati," akadakia Bi Chausiku. "Mimi ndiye ninayeumwa nacho kila siku, na wala sisemi."

"Umewahi kuchunguzwa matiti?"

"Ya nini? Mimi nimenyonyesha watoto saba, sijachunguzwa hata siku moja!"

"Na mlango wa kizazi?"

Bi Chausiku akashusha sauti. "Mwanangu, hayo ni ya kuulizana mbele ya mkwe?"

Mwanaheri akauma upindo wa mtandio asicheke.

Majibu yalipotoka, presha yake ilikuwa sawa, sukari sawa, damu ya kutosha. "Mzima kabisa," nesi akasema. "Ndivyo alivyoumbwa."

"Basi mashine yenu mbovu," Bi Chausiku akasema, huku akikunja mkono wa gauni. "Nipime mimi, mtu mwenye afya zake, tuone."

Nesi akapima. Akarudia. Akahamia mkono wa pili.

"Mama, presha yako iko juu sana."

"Si nimesema? Mbovu!"

Hapo Mwanaheri, ambaye hakuwa amepata nafasi ya kusema neno, akamshika mkono. "Mama, umenileta kwa kuwa unanihofia. Mimi nami nakuhofia. Ingia wakuchunguze vyote. Siondoki hapa."

Bi Chausiku akakunjua mkono wa gauni. Akaingia akinung'unika.

Matiti yalikuwa salama. Lakini kwenye mlango wa kizazi walikuta mabadiliko ya mwanzo, yale ambayo yakiachwa huweza kugeuka saratani. Yeye hakuwa amesikia maumivu yoyote huko. Wakamtibu mapema, wakamwanzishia dawa za presha, akapona vizuri.

Siku hizi ukimwamkia "Shikamoo" sokoni, anajibu, "Marahaba. Umepimwa?" Juzi alimuuliza hivyo bibi harusi, mbele ya shehe.

Funzo: Mwanamke hujua afya ya nyumba nzima akasahau yake. Usingoje kuumwa: kapime presha, sukari, matiti na mlango wa kizazi ungali unajiona mzima, na ukienda, mshike mkono na mwenzio.