Mayai ya Bi Kanga na Mlango wa Kiboko

Paukwa!

Pakawa!

Kisa kipo jikoni, nikipakue?

Kipakue, tuna njaa nacho!

Hapo kale, kale sana, wanyama walipokuwa bado wakipanda chombo kimoja, Bi Kanga alifunga safari kwenda kisiwani. Nguchiro alikuwa amemlia mayai mara mbili, na kisiwani hakuna nguchiro. Basi akatia mayai yake saba kikapuni, akayafunika kwa majani makavu, akachukua mfuko wa mtama na kibuyu cha maji, akapanda mashua ya nahodha Ngiri.

Ndani aliwakuta abiria wawili. Kiboko alikuwa na mlango wa mvule uliochongwa maua, wa nyumba ambayo hata msingi hajauchimba. Nyati alikuwa na jiwe la kusagia. Wote wawili wamejilaza kivulini mwa tanga. Ngiri akauliza nani atashika demani, ile kamba ya tanga, maana inachubua mikono. Wakubwa wakatazama pembeni. Akapewa Bi Kanga.

Upepo ulianza kwa nyuma, mwendo wa raha. Kisha ukageuka ubavuni, maji yakaingia. Ngiri akasema chombo ni kizito, lazima kitu kitoswe. Wakapiga kura. Mikono mitatu juu, mtama wa Bi Kanga ukaenda majini. Kiboko akampa pole, akamwambia kisiwani wadudu ni tele.

Upepo ukageuka tena, mkali zaidi. Wakapiga kura. Mikono mitatu juu, kibuyu kikaenda. Nyati akaeleza kwamba mlango ni mbao, na mbao huelea, kwa hiyo hauna uzito. Bi Kanga akautazama mlango. Hauna uzito, na juu yake amelala kiboko?

Mara ya tatu upepo ukaja usoni kabisa. Kushoto kuna mwamba, povu linachemka. Ngiri, bila haya, akakitazama kikapu.

Bi Kanga alidhani anataniwa.

"Nahodha, hayo ni mayai."

"Kura ni kura, Bi Kanga."

"Mayai saba yana uzito gani mbele ya mlango?"

Kiboko akapiga mwayo. "Mlango huu nimeusubiri mwaka mzima. Mayai utataga mengine."

Jamani. Utataga mengine! Bi Kanga akainamia kikapu. Akafunua majani. Yai moja lilikuwa limepata ufa, na kitu kinagonga kwa ndani. Alipoinua macho, mikono mitatu ilikuwa juu.

Hakulia. Alilegeza demani kidogo tu. Tanga likapwaya, mashua ikakosa nguvu, ikaanza kusogea mwambani.

Ngiri akamsihi, mama, kaza kamba.

"Kikapu kikienda, naiachia," Bi Kanga akasema. "Mimi nina mabawa. Wenzangu mna nini?"

Safari hii hakuna aliyeitisha kura. Kiboko mwenyewe aliusukuma mlango wake, na jiwe la Nyati likafuata. Bi Kanga akakaza kamba, mashua ikainuka, ikaupita mwamba.

Walipofika kisiwani vifaranga watatu walikuwa wameshatoka, wanalia njaa, na mtama wao uko chini ya bahari.

Basi sikilizeni. Wengi wakiinua mikono, ulizeni kwanza kila mmoja ametoa nini chake. Na yule mnayemwachia kazi ya kuchubua mikono, jueni ndiye aliyeyashika maisha yenu.

Kisa changu kimetia nanga. Aliyekipenda ashuke nacho, asiyekipenda aniachie nirudi nacho.