Vikuku vya Chini ya Pembea

"Kilichozikwa si kilichopotea."

Hayo ndiyo maneno ambayo Nuhu alijibiwa na shangazi yake asubuhi moja, bila shangazi huyo kuinua macho kutoka kwenye ungo wa mchele. Nuhu alikuwa ameshika picha ya mwanamume asiyejulikana nyumbani mwao. Aliitoa chini kabisa ya sanduku la shangazi, ndani ya kitambaa kilichofungwa mafundo mawili, na alikuwa tayari kuituma kwenye kundi la simu la ukoo mzima ili aulize, "Huyu ni nani?" Maneno ya shangazi yalimzuia lakini hayakumwelewesha. Akaitia picha mfukoni pamoja na kitambaa chake. Alasiri, yeye na binamu yake Shani walikwenda kwa jirani yao Bi Saumu, mkutubi mstaafu, mwanamke asiyependa kujibu swali kwa haraka.

"Methali hiyo haikutoka mbali," alisema Bi Saumu alipokwisha kuwamiminia chai. "Imezaliwa hapa mjini, katika ile bustani ya manispaa mnayopita kila siku, na baadhi ya walioisikia siku ya kwanza bado wako hai. Asili yake nitawaeleza. Lakini msinikatize, maana ni habari ya aibu, na aibu ikikatizwa hugeuka umbea."

Kisha akawasimulia.

Palikuwa na gadi wa treni aliyestaafu, jina lake Mhina Sekibaha. Mtaa mzima ulimwita Baba Shaali, kwa jina la mwanawe mkubwa, kama ilivyo desturi yetu. Shaali alikuwa baharia, na safari moja alimletea baba yake mashine ya kutafutia metali: fimbo ndefu yenye sahani mwishoni, pamoja na vifaa vya kusikilizia vinavyofunika masikio yote mawili. Watoto waliipa mashine hiyo jina la Kinusi, kwa sababu ilipita juu ya majani ikinusa kama mbwa.

Mhina aliipenda kazi ile kuliko alivyowahi kuipenda treni. Alijifunza kwamba msumari hukwaruza, kizibo cha soda hubweka, na fedha halisi hutoa mlio mmoja laini, kama kengele iliyofunikwa kwa kiganja. Katika bustani ile alipata heleri, sarafu za enzi ya Wajerumani, senti za tundu, herini na pete. Alijifunza pia tabia ya vitu vilivyopotea. Kitu kilichodondoka hakichagui pa kulala. Hukutwa juu juu, kimekaa upande, kimenaswa na mizizi ya majani. Kila shimo alilifukia, akalirudishia majani yake na kuligandamiza kwa kisigino, hata mtunza bustani hakuwa na la kulalamika.

Kila Jumamosi alitandika mkeka mbele ya lango la bustani na kupanga juu yake alivyookota, ili waliopotelewa waje wachukue vyao. Hakutaka malipo. Siku moja mwanamke kijana aliitambua pete yake ya ndoa pale mkekani, akalia, kisha akapiga vigelegele hadi wapita njia wakasimama. Mhina alirudi nyumbani siku hiyo akitembea kama mtu aliyevaa kanzu mpya. Tangu hapo, nadhani, masikio yake hayakuwa yakitafuta tena mlio wa fedha. Yalitafuta vigelegele.

Mkewe, Bi Mwantumu, alimwomba jambo moja tu. "Baba Shaali, chimba utakapo. Pale kwenye pembea tu, niachie."

"Kwani pana nini?"

"Watoto wanacheza pale. Watajikwaa kwenye mashimo yako."

Sababu ilimtosha, akakubali.

Halafu ukaja msimu mbaya. Mkeka ukawa na vizibo na funguo zenye kutu. Kombo, muuza kahawa wa pale langoni, hakumwonea huruma. "Baba Shaali, vizibo tena? Basi fungua duka la soda kabisa, tuje tukuungishe!" Wazee wenzake wakacheka, naye akacheka nao, lakini usiku ule hakula vizuri.

Wiki hiyohiyo manispaa iliziondoa pembea ili zikatengenezwe, ikazungushia kamba uwanja wake mdogo, na watoto wakahamia upande wa pili. Mhina aliitazama kamba ile, akajijengea hoja. Katazo lilikuwa kwa ajili ya watoto, watoto hawapo, basi katazo halipo. Ilikuwa hoja ya gadi: taa ikigeuka kijani, treni huondoka, wala huulizi ni nani aliyeigeuza. Angeweza kumuuliza mkewe. Hakumuuliza, na hilo lilikuja kumuuma baadaye kuliko kuchimba kwenyewe.

Mashine ililia katikati ya uwanja, mlio ule laini. Akachimba kina cha kiganja, hakuona kitu. Akachimba mpaka mkono ukazama karibu na kiwiko, na hapo vidole vyake vikagusa jiwe bapa. Halikuwa jiwe lililoangukia pale. Lilikuwa limelazwa, sawasawa, kama kifuniko.

Mkono wake ulijua, ukasita. Yote aliyojifunza juu ya vitu vilivyopotea yalimwambia kwamba hiki si kimojawapo. Lakini kichwani mwake vigelegele vilikwisha kuanza. Akalinyanyua jiwe. Chini yake palikuwa na kijungu cha udongo kilichozibwa mdomo kwa nta. Ndani ya kijungu, kipande cha kanga kilichofifia. Na ndani ya kanga, vikuku viwili vya fedha, vidogo kiasi kwamba vidole vyake viwili tu vilikijaza kimoja.

Jumamosi ilipofika aliviweka katikati ya mkeka, juu ya kitambaa chekundu, peke yake. Watu wakajaa.

"Leo si vizibo!" alipaza sauti Kombo. "Jamani njooni, Baba Shaali leo ametoboa!"

"Vya mtoto mchanga hivi," mmoja akasema.

"Fedha ya zamani hiyo. Mwenyewe akivipata leo atazimia."

Mhina alisimama nyuma ya mkeka, mikono mgongoni, akingoja huyo mwenyewe. Aliyejitokeza alikuwa Bi Hidaya, mjane wa dereva wa treni, aliyewahi kuishi nyumba za reli pamoja nao. Aliinama, akatazama, kisha akauvuta mtandio ukamziba mdomo.

"Baba Shaali, hivi umevitoa wapi?"

"Chini ya pembea, Bi Hidaya. Ni vyako?"

"Vilikaaje?"

Akamweleza, na mwanzoni alieleza kwa madaha ya fundi anayeulizwa juu ya ufundi wake: kina cha shimo, jiwe, kijungu, nta. Lakini kadiri alivyoendelea sauti ilipungua, kwa maana alianza kujisikia kama shahidi anayejifunga kwa maneno yake mwenyewe.

"Hilo jiwe lilijilaza lenyewe?" aliuliza Bi Hidaya.

Mhina aliinamisha macho kwenye kitambaa chekundu.

"Na nta je? Ilidondoka mfukoni mwa nani?"

Kombo akacheka, alipogundua kwamba anacheka peke yake, akaacha.

Hapa inafaa mjue jambo ambalo wanaume wa pale hawakulijua. Familia za reli zilikuwa hazikai mahali pamoja. Leo mko huku, mwakani mnapewa uhamisho, na kaburi la mtoto mnaliacha nyuma, pengine msilione tena. Kwa hiyo wanawake wa nyumba za reli walikuwa na desturi yao. Mtoto mchanga akifa, mapambo yake hayakuvalishwa mtoto mwingine, hayakuuzwa, wala hayakuwekwa kabatini. Mama aliyazika mahali watoto wanapochezea. Kokote treni itakakompeleka, atajua kwamba wake yuko mchezoni pamoja na wenzake. Wanaume hawakukatazwa kulijua jambo hili. Walikuwa njiani tu, na waliporudi hawakuuliza.

"Vifunike, Baba Shaali," alisema Bi Hidaya kwa sauti ya chini. "Vifunike upesi, mwenyewe asije akavikuta hapa."

Lakini mwenyewe alikwisha kuvuka barabara. Alikuwa Bi Mwantumu, ameshika chupa ya chai na bakuli la maandazi, kama kila Jumamosi. Watu walimpisha. Aliona kitambaa chekundu, akaona kilichokuwa juu yake, akaiweka chupa chini polepole na kupiga magoti kando ya mkeka.

Na Mhina, ambaye bado hakuwa ameelewa, akasema neno ambalo angetoa chochote baadaye alirudishe kinywani. "Afadhali umekuja, Mama Shaali. Wewe unawajua akina mama wa zamani. Hebu waambie hawa, ni vya nani hivi? Vimepotea miaka mingi."

Bi Mwantumu alikichukua kikuku kimoja, akakizungusha kiganjani.

"Kilichozikwa si kilichopotea, Baba Mize," alisema.

Watu wakatazamana. Kombo akageuka kumtafuta huyo Baba Mize aliyesimama nyuma yake. Hakuwapo mtu mwenye jina hilo. Pale langoni alikuwapo mmoja tu aliyelisikia jina lake likiitwa, na huyo alikuwa nyuma ya mkeka, ameshika ukingo wa lango.

Kabla ya Shaali palikuwa na Mize, mtoto wao wa kwanza. Alizaliwa wakati Mhina yuko kazini Moshi. Gadi yule kijana alikimbia kwa sonara treni ikingoja kuondoka, akanunua vikuku vya kwanza alivyoonyeshwa, akampa mwenzake avifikishe nyumbani. Vikuku vilifika, na baada yake kidogo homa nayo ikafika. Mhina alipowasili walikwisha kuzika. Alikaa siku chache, akapokea mikono ya pole, akarudi kazini. Aliamini kwamba kunyamaza ni dawa, kwamba asipolitaja jina lile mkewe atapona mapema. Vikuku alidhani vimepewa mtoto wa ndugu fulani. Kisha hata kudhani akaacha.

"Sikuvitambua," alisema. Alikusudia kuomba radhi, lakini masikioni mwake mwenyewe maneno yale yalisikika kama shtaka.

"Ungevitambuaje?" alijibu mkewe, bila ukali. "Hukuvitazama. Kwa hilo sikukulaumu, ulikuwa njiani. Lakini ulirudi, Baba Mize. Ulirudi, ukala, ukalala, ukaondoka, na hukuniuliza hata nilimvisha nini."

"Jamani, tutawanyike," alisema Bi Hidaya. "Hapa hapana soko."

Wakaondoka mmoja mmoja. Kombo, ambaye hakuwahi kukosa neno, alibeba birika lake la kahawa akaenda kukaa upande wa pili wa lango, akawapa kisogo ili wasione kwamba anaona.

Mwizi, wanangu, aibu yake ina mlango: hurudisha alichoiba, akatoka. Aibu ya Mhina haikuwa na mlango. Hakuiba kitu. Mbele ya mtaa mzima alikuwa ametafuta mwenye msiba, asijue kwamba msiba ni wake. Na masikio yaliyoweza kuisikia fedha chini ya ardhi hayakusikia chochote ndani ya nyumba yake.

Walikwenda pamoja hadi kwenye kamba, wakaipita kwa chini. Alichimba palepale kwa mikono, bila kijembe. Bi Mwantumu akavifunga vikuku katika kanga ileile, akavitia kijunguni, akakipokeza kwa mumewe. Mhina alikiteremsha, akalishika jiwe bapa, na hapo akakwama. Hakujua lilale vipi.

"Upande laini uwe chini," alisema mkewe. "Asikwaruzike."

Alipomaliza kufukia alibaki amepiga magoti. Kisha, bila kumtazama, akauliza swali lililochelewa maisha mazima.

"Alifanana na nani?"

Bi Mwantumu alisawazisha majani juu ya udongo kwanza. "Masikio yalikuwa yako," alisema mwishowe. "Makubwa hivyo hivyo. Tulikuwa tukicheka, mimi na Hidaya, kwamba huyu atamsikia baba yake treni ingali Korogwe."

Mhina akayaziba masikio yake kwa viganja vyenye udongo, akainama mpaka paji la uso likagusa majani.

Hakutandika mkeka tena. Mashine hakuitupa, aliendelea kuitembeza bustanini, lakini mkono wake ukigusa kitu kilicholazwa alilifukia shimo na kupita. Alichookota akakipeleka kimyakimya kwa mtunza bustani. Pembea zikarudishwa, watoto nao. Na watu waliona mabadiliko ambayo wengi hawakuyaelewa: ukimwita "Baba Shaali" alikawia kuitika, kama mtu anayesubiri kuona kama kuna jina jingine litakaloitwa kwanza.

Hapo Bi Saumu aliishia. Chai ilikuwa imepoa. Shani akakusanya vikombe.

Nuhu aliitoa picha mfukoni, na kile kitambaa. Akaiweka picha ndani yake, akafunga mafundo mawili.

"Nimwambieje shangazi?" aliuliza.

"Usimwambie kitu. Kaa naye, umsaidie mchele. Akitaka kueleza, ataeleza, na atakueleza wewe, si kundi zima."

Nuhu alikwenda. Aliirudisha picha chini kabisa ya sanduku, akatoka uani, akaketi karibu na ungo na kuanza kutoa mawe. Walichambua hadi ungo ukafika nusu.

"Umeirudisha?" aliuliza shangazi.

"Nimeirudisha, shangazi." Akaokota jiwe jingine, akalitazama, akaliweka kando. "Kilichozikwa si kilichopotea."